Macho ya Mamba Muntu

Fundi anayeijua kazi yake haanzi na mkia. Mkia ni rahisi: magamba hupigwa kwa ncha ya brashi, safu juu ya safu, na hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza huyaweza. Fundi ninayependa kumtazama hapa Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, siku nyingi huandika mabango ya vinyozi na maduka ya simu. Akipata agizo la mamba muntu, yule nguva wa michoro ya Kongo, hubadilika, husema kidogo. Hulifua gunia la unga, huliwamba kwenye fremu, hulipaka nyeupe ya ukutani mara mbili na kulisugua kwa msasa kati ya mipako. Rangi za mafuta hutoka Mbarara, kama kilomita 60, kwa hiyo hazichezewi. Nyekundu ni ya midomo na kucha tu. Kisha huanza na mabega, akiyapandisha juu kidogo kuliko mabega ya mtu yalivyo, na hapo tayari mwanamke ana amri.

Huyu nguva ana ukoo wa ajabu. Katika miaka ya 1880 mtambo wa Hamburg ulichapa picha ya mwanamke aliyecheza na nyoka jukwaani. Picha ikafika Afrika Magharibi, watu wakamwona ndani yake roho wa maji, na mwaka 1955 ikachapwa upya Bombay kwa ajili ya soko hilo. Kongo, wachoraji wa Katanga wakamvika saa ya mkononi. Katika miaka ya 1970 alining'inia kwenye sebule za Lubumbashi, pengine ukuta mmoja na ile picha iitwayo Colonie belge, ambamo askari anamchapa mfungwa kiboko mbele ya Mzungu. Katika Colonie belge mtu ameinamishwa kwa nguvu. Mbele ya mamba muntu anainama kwa hiari yake, na hata analipa.

Kisa chake Wakongo wengi wanakijua. Mwanamume anaokota kitana chake au unywele wake. Usiku mwenyewe anamjia ndotoni kudai mali yake. Utajiri upo, ila kwa masharti: asimwambie mtu, asiguse mwanamke mwingine, na wengine husema atoe hata ndugu yake. Mtu ambaye nyumbani kwake hakuna anayemjibu sasa ana bibi anayemwekea saa ya kulala.

Kwa nini hilo liwe tamu? Nadhani ni kwa sababu linampumzisha. Akipata, ni mamba muntu aliyempa. Akikosa, ni yeye aliyemnyima. Mzigo wa kuwa kichwa cha nyumba unatua. Na anautua bila aibu, kwa kuwa aliyempigisha magoti si mke wala dada wa mke, ni kiumbe asiyepika, asiyezaa wala kudai ada ya shule. Tusidanganyane: mwanamke aliyeko jikoni hakuongezewa hata neno moja.

Mwanamke mwenye amri, wa nyama na damu, ni habari nyingine. Muhumusa wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, aliyekuwa na watu wengi nyuma yake kwa imani ya roho Nyabingi, Waingereza walimkamata mwaka 1911 na kumzuia Kampala hadi kifo chake mwaka 1945. Na katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, Ngara, Tanzania, miaka ya 1990, wanaume wa Kirundi waliumia kusikia ikisemwa kuwa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ndiyo mume bora, maana ndiyo iliyoleta chakula. Hapo mambo yalipinduka bila wao kuulizwa. Anayekuja kuagiza mamba muntu huuchagua mwenyewe upinduzi wake, hupatana bei, kisha huutundika kwa msumari mmoja.

Fundi analijua hili kwa mkono. Ndiyo maana macho huyaacha mwisho, rangi nyingine zikiwa zimekauka. Mboni huigusisha na kope ya juu, halafu huisogeza kidogo sana, upana wa uzi, ili mwanamke atazame juu ya kichwa cha anayemtazama. Akizidisha, mwanamke anaonekana kasahau kitu. Akipunguza, anakuwa msichana wa kalenda. Kwa kipimo sahihi mtu aliyekaa kwenye kochi anahisi bado hajastahili kutazamwa, na atarudi kuangalia kesho. Mwanamume hachorwi kamwe katika mchoro wa fundi huyu. Nafasi yake ni lile kochi. Nimeona fundi akifuta jicho moja kwa tapentaini na kulirudia mara kadhaa, huku mteja akilalamika kwamba lilikuwa limeshapendeza.

Mwanamke mwenye saluni huko Mbarara naye aliagiza wake. Fundi hakumuuliza kitu. Alichora nywele ndefu zaidi, saa ileile, nyoka yuleyule, na macho akayaelekeza mbele moja kwa moja. Wateja wa pale ni wanawake, na wanakuja kusukwa.