Kwatzi ya Lualaba: rangi huingiaje?

Kwatzi safi haina rangi. Ni silikoni na oksijeni tu, yaani silika, na ugumu wake ni 7 katika kipimo cha Mohs. Anayeelewa rangi iliingiaje ndani yake hauziwi mbuzi kwenye gunia.

Mionzi ni njia mojawapo. Chembe za alumini zikikaa mahali pa silikoni, kisha mionzi ya asili ya miamba ikazipiga kwa mamilioni ya miaka, kwatzi huwa na rangi ya moshi. Zikiwa za chuma, tunapata amethisto ya zambarau. Amethisto ikipashwa moto wa nyuzi 450 za Selsiasi hivi, mara nyingi hugeuka njano. Sitrini nyingi za madukani zimetokana na tanuri. Sioni ubaya, mradi muuzaji aseme.

Ukanda wa Kolwezi, mkoani Lualaba nchini Kongo, una njia iliyo nzuri kuliko zote: shaba. Maji yanayopenya mashapo ya shaba karibu na uso wa ardhi hubeba shaba na silika. Katika nyufa hujengeka krisokola, samawati-kijani, laini kiasi cha kukwaruzwa kwa kisu. Silika ikizidi, huifunika kwa fuwele ndogo zinazometa, au huganda pamoja nayo ikawa kalsedoni, ile kwatzi ya chembe zisizoonekana kwa macho, jamii moja na akiki. Hapo jiwe lina rangi ya shaba na ugumu wa kwatzi, na linafaa pete. Malakiti, jiwe jingine la kijani la shaba, lenye ugumu wa 3.5 hadi 4, itachubuka kidoleni. Kijani cha krisoprasi ya Haneti, Dodoma, kinafanana nalo, ila hicho ni cha nikeli.

Ili kulitenga na krisokola au malakiti, ambazo hukwaruzika, jaribu kwa kisu mahali pasipoonekana. Ukiona mstari wa kijivu, ufute kwanza. Mara nyingi ni chuma cha kisu kilichobaki juu ya jiwe.

Kisenge, pia mkoani Lualaba, kwenye manganizi, kisu hakitoshi. Miamba ya kule ina spesatini, ganeti ya manganizi yenye rangi ya chungwa hadi kahawia, ambayo ugumu wake unakaribia ule wa kwatzi. Tumia mizani: pima jiwe likiwa hewani, kisha likining'inia ndani ya maji. Kwatzi ya gramu 10 hupungua gramu 3.8 hivi, spesatini ya uzito huohuo hupungua takriban 2.4.

Na kwatzi nyeusi? Imulike kwa tochi. Weusi wa manganizi hukaa kwenye ngozi na nyufa, huku ndani kukibaki kweupe. Rangi ya moshi hupita mwilini mwote.