Kukinga Mkojo wa Paka Nyumbani

Mililita 5 za mkojo, ujazo wa kijiko kimoja cha chai, zinatosha kwa vipimo vyote vya kawaida vya paka. Hata mililita 1 au 2 hupimika sukari, damu na ukolevu, ila hapo maabara hukosa kiasi cha kuzungusha kwenye sentrifuji ili chembe zituame na kutazamwa kwa hadubini. Paka mwenye afya hutoa kiasi hicho kwa mkojo mmoja. Kinachosumbua ni kukipata kikiwa bado kama kilivyotoka, kwa kuwa karibu kila kitu kinachougusa mkojo baada ya hapo, kuanzia dawa iliyosafishia trei anamojisaidia paka hadi baridi ya friji, huacha alama yake kwenye majibu.

Daktari wa mifugo huomba sampuli pale paka anapokunywa maji kupita desturi yake, anapokonda huku anakula, anapokojoa mahali asipozoea au mkojo unapoonyesha damu. Swali la kwanza huwa ni ukolevu. Paka wa nyumbani ametokana na Felis lybica, paka mwitu wa nchi kame za Afrika na Mashariki ya Kati, na amerithi figo zinazobana maji kwa nguvu. Uzito linganishi wa mkojo wake, yaani uzito wake ukilinganishwa na maji safi, kwa kawaida hupita 1.035. Figo zikianza kuchoka, uwezo huo huwa miongoni mwa vya mwanzo kupungua. Mkojo wa alfajiri ndio unaofaa zaidi kwa swali hili, maana umekaa kibofuni usiku kucha na unaonyesha figo zinaweza kubana kiasi gani.

Swali la pili ni sukari, na hapa sampuli ya nyumbani ina thamani ambayo ya kliniki haina. Paka aliyefungiwa kikapuni, akapandishwa garini na kuwekwa jirani na mbwa wanaobweka, sukari ya damu yake huweza kupanda kwa hofu tu. Ikipanda sana, figo hushindwa kuizuia na nyingine humwagikia kwenye mkojo, hata kama paka hana kisukari. Mkojo uliokingwa mnyama akiwa ametulia kwake hupunguza sana shaka hiyo.

Kuna swali moja ambalo trei hailiwezi: bakteria. Mkojo uliopita kwenye manyoya, ukaangukia mahali palipokanyagwa na miguu ya paka, tayari umebeba vijidudu vya njiani, na maabara ikiuotesha haitajua vipi vimetoka kibofuni. Kwa kipimo hicho daktari huchoma sindano nyembamba kupitia ngozi ya tumbo hadi kibofuni na kuvuta mkojo moja kwa moja. Ni vyema mwenye paka aulize mapema ni kipimo gani kinachotakiwa, asije akakesha akingoja sampuli isiyoweza kutumika.

Trei huoshwa kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, husuuzwa hadi utelezi wote uishe, kisha hukaushwa. Jiki na dawa nyingine za klorini haziruhusiwi kabisa. Mabaki yake hubadilisha rangi ya vijiti vya kupimia mkojo, kijiti kikaonyesha damu au sukari ambayo haimo. Inafaa kutumia trei ileile anayoijua paka, kwani baadhi hukataa chombo kigeni kwa siku nzima.

Kinachowekwa ndani ya trei ndicho kiini cha kazi yote. Paka hutafuta kitu cha kufukua, na katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki hupewa mchanga, majivu au vumbi la mbao. Vyote vitatu havifai kwa sampuli, kila kimoja kwa sababu yake. Vumbi la mbao hunyonya mkojo wote. Mchanga huushikilia katikati ya punje zake, na hata kidogo kinachopatikana huja na chembe za mawe zinazovuruga picha chini ya hadubini. Majivu ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa yana asili ya magadi. Mkojo wa paka kwa kawaida una uasidi kidogo, na majivu huuondoa. Daktari anayesoma kwamba mkojo umepoteza uasidi hushuku bakteria fulani au fuwele za struviti, akaanza kufuata njia ambayo ugonjwa haukupita. Mchanga wa dukani unaogandamana ukilowa nao hauachi kitu, maana umetengenezwa makusudi kwa kunyonya.

Mbadala ulio bora ni punje za plastiki zisizonyonya, au mchanga maalumu uliopakwa kitu kinachofukuza maji, ambao huuacha mkojo ukae juu yake kama matone juu ya jani la mgomba. Baadhi ya kliniki za mifugo huuza vitu hivyo. Pasipokuwa navyo, changarawe laini za tangi la samaki zilizooshwa na kukaushwa hufanya kazi, na vilevile vipande vya plastiki vilivyokatwakatwa. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, plastiki inayopatikana kirahisi ni ile ya vifungashio, kwa mfano wa mkate. Nayo ioshwe kwanza. Tabaka jembamba linatosha, lakini kabla ya yote hayo inafaa kujaribu trei tupu: wapo paka wanaokojoa humo bila kusita, na hakuna sampuli ya trei iliyo safi kuliko hiyo.

Paka hufungiwa usiku katika chumba kidogo, mara nyingi bafuni, pamoja na maji, chakula na mahali pa kulala palipo mbali na trei. Mazulia na nguo huondolewa, na tundu la maji machafu hufunikwa, maana humvutia kwa harufu. Nyumba yenye paka kadhaa humtenga yule mmoja tu, la sivyo mkojo haujulikani ni wa nani. Kumnyima maji ili mkojo ukolee ni kosa kubwa: kunamwumiza paka ambaye huenda figo zake ni dhaifu, na kunaharibu kipimo chenyewe. Kumminya tumbo ili akojoe ni hatari zaidi, kwani kibofu kilichojaa huweza kupasuka.

Kwa paka aliyezoea bustani na asiyekubali trei kamwe, upawa husaidia. Mtu humfuata kwa mbali, hungoja achuchumae na aanze, kisha huusogeza upawa taratibu kutoka nyuma. Paka aliyekwisha kuanza mara nyingi humaliza. Utumike upawa wa bati au plastiki wenye bakuli la kina kifupi. Ule wa kifuu cha nazi hunyonya na hautakati vizuri.

Wakati wa kungoja, jambo moja linavunja mpango mzima. Paka, hasa dume, anayeingia kwenye trei mara kwa mara, akajikamua, pengine akalia, na hakuna kinachotoka au yanatoka matone tu, huenda njia yake ya mkojo imeziba. Njia ya dume ni nyembamba sana kuelekea mwisho, hivyo plagi ya ute na fuwele hutosha kuifunga. Potasiamu hupanda kwenye damu, moyo huvurugika, na kifo huweza kufika ndani ya siku moja hadi tatu. Hapo hakuna sampuli ya kungojewa. Paka hupelekwa kwa daktari saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Mkojo ukipatikana, trei huinamishwa pembeni na mkojo huvutwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kisha hutiwa katika kopo la maabara lenye kifuniko cha kuzungusha. Chupa ya jemu au ya dawa ya kikohozi isitumike hata ikionekana safi, kwani mabaki ya sukari yataonekana kama kisukari. Glavu huvaliwa na mikono huoshwa. Mama mjamzito amwachie mwingine kazi ya kusafisha trei, kwa sababu kinyesi cha paka huweza kubeba kimelea cha toksoplasma.

Tangu hapo saa inahesabika. Inafaa mkojo upimwe ndani ya saa moja. Ukikaa kwenye joto, bakteria huzaliana, hula sukari iliyomo na kuufanya upoteze uasidi, huku chembe za damu zikipasuka. Mwanga nao huharibu bilirubini. Ukichelewa huwekwa kwenye friji, si kwenye friza, kwa muda usiozidi saa 24. Lakini baridi huzaa fuwele ambazo hazikuwamo kibofuni, za struviti na za oksaleti ya kalsiamu, kwa hiyo fuwele zilizoonekana kwenye sampuli ya frijini zinahitaji kuthibitishwa kwa mkojo mpya kabla paka hajabadilishiwa chakula. Kopo liandikwe jina la paka, tarehe, saa, namna mkojo ulivyokingwa, na dawa anazotumia.

Maabarani, ukolevu hupimwa kwa rifraktomita. Vijiti vya kupimia vilitengenezwa kwa ajili ya binadamu. Sehemu yake ya ukolevu haiaminiki kwa paka, na ile ya chembe nyeupe za damu mara nyingi huonyesha maambukizi yasiyokuwapo. Protini hulinganishwa na kreatinini, na uwiano unaozidi 0.4 huhesabiwa kuwa wa juu. Uwiano huo hauaminiwi kwa sampuli moja: hurudiwa mara mbili au tatu katika kipindi cha wiki mbili au zaidi, na sampuli hizo za marudio zinaweza kukingwa palepale nyumbani kwa trei ileile.