Mganda na Askari wa Amani

Wako wanaoibeza ngoma ya mganda, ichezwayo na wanaume wa mwambao wa Ziwa Nyasa, Liuli hadi Mbamba Bay, wakidai kuwa ni kasumba ya mkoloni: mavazi meupe, filimbi, safu zilizonyooka kama za gwaride. Asili hiyo hatuikani. Agosti 1914 meli ya Waingereza iliishambulia ya Wajerumani hapo hapo Liuli, na vijana waliotumikishwa katika vita ile walirudi na miguu iliyozoea amri. Lakini wachezaji waliichukua nidhamu, bunduki wakaiacha. Hilo wahakiki hao hawakuliona.

Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa uliunda, ndani ya jeshi lake la kulinda amani mashariki mwa Kongo, kikosi cha kuwashambulia waasi. Tanzania na Malawi, majirani wa ziwa moja na ngoma moja (ng'ambo wengine huiita malipenga), zilipeleka askari, pamoja na Afrika Kusini. Kazi ngumu hiyo: kupiga, na papo hapo kuuzuia mkono mbele ya raia.

Hapo ndipo mganda unapotupungukia. Mchezaji hana adui. Safu yake haivunjwi. Kule Semuliki, tarehe 7 Desemba 2017, tuliwapoteza askari wasiopungua 14. Twautaka mganda utakaowataja, safuni nafasi zao zikiachwa wazi, na ngoma kubwa inyamaze kitambo kabla filimbi haijawaita waliosalia.