Tangazo Lisilo na Mto: Fani ya Tahadhari za Mafuriko Machakos

Tahadhari ya mvua kubwa inayotolewa na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya ina msuko ambao haubadiliki. Juu kuna nambari ya tahadhari, tarehe ya kutolewa na muda itakaodumu. Hufuata kiwango cha mvua inayotarajiwa, kwa kawaida zaidi ya milimita 20 katika saa 24, kisha uwezekano wa utabiri kutimia na orodha ya maeneo. Ushauri kwa wananchi huja mwisho kabisa. Ni matini fupi na kavu, na nchi nzima huisoma kila masika. Inastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki shairi: nani anasema, anamwambia nani, na nini kimeachwa nje.

Uhai wote wa matini hii umo kwenye ushauri. Wananchi wanaonywa wasipite kwenye maji yanayotembea, kwa miguu wala kwa gari. Wasijikinge chini ya miti, wala wasikae karibu na madirisha yenye vyuma, kwa sababu ya radi. Tena wanakumbushwa kwamba maji ya mafuriko yanaweza kutokea hata pale ambapo mvua haikunyesha sana, hasa sehemu za chini za mto. Onyo hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, na ndilo muundo wa tangazo unalolisaliti.

Chukua mji wa Athi River, kule Mavoko, Kaunti ya Machakos. Mto Mbagathi hukusanya maji upande wa Ngong na Kikuyu, hupita pembezoni mwa Nairobi, na kufikia tambarare ya Mavoko ukiwa umebeba mvua ya watu wengine. Mwishoni mwa Aprili 2024, mvua ilipozidi Nairobi na viunga vyake, mto ulivunja kingo. Nyumba zilizingirwa na maji Athi River, na ng'ambo, Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, Msalaba Mwekundu ukalazimika kuwaokoa watu majumbani mwao.

Sasa turudi kwenye orodha ya maeneo. Katika mgawanyo wa Idara, Nairobi iko kwenye nyanda za juu mashariki mwa Bonde la Ufa. Machakos iko kwenye nyanda za chini za kusini-mashariki, pamoja na Kitui, Makueni, Kajiado na Taita Taveta. Kwa mtaalamu wa mvua mgawanyo huo ni sahihi, maana mawingu ya Kiambu si mawingu ya Makueni. Lakini mkazi wa Mlolongo, aliye hatua chache tu kutoka mpaka wa Nairobi, hutafuta jina la kaunti yake, husoma mstari wake, na kuruka ule wa Nairobi. Maji yatakayoingia jikoni kwake yametajwa kwenye mstari alioruka. Tangazo limemwambia kwamba mafuriko hutoka juu ya mto, kisha halikumtajia mto wenyewe.

Si uzembe wa mwandishi. Idara hupima mvua, nayo huandika kuhusu mvua. Kina cha mito hupimwa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo ofisi yake ya bonde la Athi iko Machakos mjini. Bwawa la Masinga, kwenye Mto Tana mpakani mwa Machakos na Embu, liko mikononi mwa KenGen, na lilipofurika mwaka 2024 kampuni hiyo ilitoa tahadhari zake yenyewe kwa wakazi wa chini. Uokoaji hufanywa zaidi na Msalaba Mwekundu, ambao una nambari yake ya simu, 1199. Serikali ya kitaifa ina kituo cha operesheni za majanga kilichoundwa mwaka 1998, baada ya mafuriko ya El Niño. Juu ya yote hayo, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeandika udhibiti wa majanga mara mbili: katika kazi za serikali ya kitaifa na katika kazi za kaunti. Hivyo tangazo hufuata mipaka ya ofisi, nao mto hufuata mteremko.

Mgawanyiko huo umejificha hata kwenye vitenzi. Wananchi "wanashauriwa", "wanaombwa", "wanatakiwa" kuhama. Kauli ya kutendwa inamficha mtendaji. Mwananchi ana orodha ndefu ya mambo ya kuacha, lakini hakuna sentensi inayosema nani atakuja, na nini, wala saa ngapi. Wapo watakaosema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nikisoma matini yenyewe naona kasoro nyingine: manahodha wapo wengi, ila hakuna hata mmoja aliyekubali jina lake liandikwe kwenye sentensi yenye kitenzi cha kutenda.

Mei 2024 ilileta matini ya aina nyingine. Wizara ya Usalama wa Ndani iliwaamuru wakazi wa karibu na mabwawa 178, katika kaunti 33, wahame ndani ya saa 24. Hapa toni imebadilika kabisa: kuna mwenye amri, kuna saa, na kuna adhabu nyuma ya maneno. Lakini usahihi wake wote umemwelekea anayehama. Saa 24 ni zake, wala hakuna saa iliyowekewa yule anayepaswa kumpokea.

Wakati huohuo, kwenye vikundi vya WhatsApp vya mitaa ya Mavoko husambaa matini ambayo ni kinyume cha zote hizo: sauti iliyorekodiwa. Msemaji anasema "hapa", anasema "sasa hivi", na nyuma yake mvua inapiga mabati. Ina kila kitu ambacho tangazo limekosa, yaani nafsi ya kwanza, mahali, na hofu inayomfanya mtu ainuke kitini. Kasoro yake iko kwenye maneno yaleyale yanayoipa nguvu. Ikisambazwa mara kumi, "hapa" haina tena pahali, na "sasa hivi" yaweza kuwa ya jana au ya mwaka juzi. Tangazo lina tarehe na sahihi lakini halina mto. Sauti ina mto, ila haina tarehe wala sahihi.

Wakenya waliwahi kujaribu kuziunganisha fani hizi mbili. Ushahidi, jukwaa lililoundwa Januari 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, liliuchukua ujumbe wa mtu wa kawaida na kuuwekea mahali kwenye ramani, tarehe, aina ya tukio, na alama ya kuonyesha kama umethibitishwa au la. Baada ya tetemeko la Haiti la mwaka 2010, chombo hicho kilitumika kukusanya na kupanga jumbe za simu kutoka kwa waathiriwa. Kwa fani ni hatua kubwa, kwa kuwa "hapa" ya msemaji imepata anwani. Hata hivyo nukta kwenye ramani hueleza tu kilichotokea. Nani amepewa kazi ya kuokoa na ameahidi kufika lini, hilo hubaki nje ya ramani, kwa maafisa, na maafisa ni walewale wa ofisi nyingi.

Ukambani tayari tunajua gharama ya pengo hilo. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa kwenye drifti ya Mto Enziu, karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Video zilizopigwa kwa simu kutoka ukingoni zilizunguka nchi nzima. Teknolojia ya kuonyesha maafa haikukosekana. Kuyazuia kungehitaji kizuizi barabarani na mtu mwenye mamlaka ya kukisimamisha.

Kipimo cha uratibu, basi, kisitafutwe kwenye idadi ya programu wala mikutano ya wadau. Kitafutwe kwenye sentensi moja, mathalani hii: "Maji ya Mbagathi yamepanda; yanatarajiwa Athi River kabla ya saa nne usiku; polisi watafunga daraja saa mbili; shule imefunguliwa kupokea watu, na chifu yuko pale." Sentensi hiyo inahitaji mpimaji wa mto, mtabiri wa mvua, polisi, kaunti na chifu wakubaliane kabla haijatumwa. Kuitunga si kazi ngumu kwa mwandishi yeyote. Leo hakuna ofisi moja Kenya yenye ruhusa ya kuitia sahihi, na mpaka ipatikane, kila tangazo tutakalosambaziwa litaendelea kuwa nusu ya habari.