Mama, Binti na Sauti Iliyopotea: Tahakiki ya Because I Said So

Anwani ya filamu Because I Said So (2007), iliyoongozwa na Michael Lehmann, ni kauli ya mzazi aliyechoka kujadiliana: fanya hivi kwa kuwa mimi nimesema. Ramsa inayoichagua kauli hiyo kuwa jina lake inajifunga kuihoji. Makala haya yanadai kwamba filamu hii haikutimiza ahadi hiyo, na kwamba kasoro yake kuu haimo katika uhaba wa kicheko bali katika usawiri wa mama.

Daphne (Diane Keaton) anakaribia umri wa miaka 60. Binti zake wawili, Maggie na Mae, wameolewa. Kitinda mimba, Milly (Mandy Moore), mpishi wa karamu, bado. Bila ya kumwarifu bintiye, mama anatangaza kwenye intaneti kwamba anatafuta mkwe, anawasaili wanaume mmoja mmoja, anamteua Jason, msanifu majengo, na kumkataa Johnny, mpiga gitaa. Milly anajikuta na wote wawili.

Mgogoro huu una mizizi ya kutosha. Daphne anahofia kwamba Milly ataurithi upweke wake. Hiyo ni dhamira nzito, lakini kila inapochomoza inazimwa kwa vituko vya keki na simu. Mama anabaki mhusika bapa: twaviona vitendo vyake, hatuzisikii hoja zake.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni pale Daphne anapopotewa na sauti kwa maradhi ya koo. Kifani, hili ndilo tukio bora kuliko yote. Mwenye kauli amenyamaza. Sasa ni zamu ya mabinti kusema. Badala yake, ububu wenyewe unafanywa kichekesho, na sauti inaporejea hakuna kilichobadilika. Maggie, ambaye ni mwanasaikolojia, na Mae hawapewi usemi unaowatofautisha.

Msomaji wa Kiswahili atakumbuka Wakati Ukuta (1971) ya Ebrahim Hussein. Humo pia mama anamzuia binti, Tatu, anayetaka kwenda sinema na Swai. Lakini mama yule anaitetea dunia anayoiamini, na binti anaitetea yake. Hadhira haiwezi kumcheka mmoja bila ya kumwonea huruma.

Turkana inatupa kipimo kingine. Katika The Wedding Camels, filamu ya David na Judith MacDougall iliyopigwa huko miaka ya 1970, Lorang anamwoza binti yake Akai kwa Kongu, rafiki yake. Majadiliano ya mahari yanakaribia kuvunjika, kwa kuwa kila jamaa ana mifugo anayoidai na heshima anayoilinda. Hatusemi kwamba utaratibu huo unampa binti usemi wa kutosha, haumpi. Tunasema kwamba uozaji unaonekana ulivyo: jambo lenye gharama, linalojadiliwa mbele za watu. Daphne hutenda kwa siri na halipi chochote. Mtazamaji wa Nawoitorong, nyumba ya wageni ya Lodwar inayojulikana kwa kuendeshwa na kikundi cha wanawake, hatashangaa kumwona mama akimtafutia bintiye mume. Atashangaa kwamba hakuna anayemwuliza kwa nini.

Hatima ya filamu inathibitisha udhaifu huo. Milly anarejeana na Johnny, naye Daphne anampata Joe, baba yake Johnny. Mama haponi kwa kujitambua bali kwa kupata mwanamume. Yaani filamu inaafiki imani ileile iliyomfanya amsumbue bintiye. Keaton ni mwigizaji hodari, na juhudi yake inaonekana. Hata hivyo, mwigizaji hawezi kuziba pengo la hoja ambayo mswada haukuiandika. Swali la anwani linabaki pale pale: umesema, lakini kwa nini?