Aliye Juu Mngoje Chini: Superman Kabla Hajajua Kupaa



Majuzi lifti zote za jengo letu hapa St. James Town ziligoma kwa siku moja, nasi tukapanda ngazi hadi ghorofa ya 18 tukiwa na mifuko ya unga na mchele. Ghorofa ya 11 tulimkuta jirani yetu, mama mmoja mwenyeji wa Lamu, amekaa kwenye ngazi akipumzika. Tulipompokea mzigo akacheka: "Wanangu, yule Superman wa wajukuu wangu anayeruka maghorofa yuko wapi leo?"

Swali lake limeturudisha kwenye vitabu vya katuni tulivyokuwa tukiazimana utotoni. Kiswahili kina neno moja, kuruka, kwa mtoto anayeruka kamba na kwa ndege anayeruka angani. Huenda ndiyo sababu wengi wetu hatukutambua kwamba Superman wa mwanzo na huyu tunayemjua si mtu mmoja. Wa mwanzo aliruka kama mtoto wa kamba, hakuweza kupaa.

Alitokea mwaka 1938 katika toleo la kwanza la Action Comics, mtunzi akiwa Jerry Siegel na mchoraji Joe Shuster. Shuster alizaliwa hapa hapa Toronto mwaka 1914, akahamia Marekani na wazazi wake akiwa mtoto, na kabla ya kufariki mwaka 1992 alieleza kwamba sura ya mji wa Metropolis aliitoa Toronto. Shujaa wake hakuwa na farasi, bawa wala mtambo. Alikuwa na miguu tu. Alikimbia kushinda treni, alipita juu ya nyaya za nguzo akiwa amembeba mtu, na aliweza kuruka umbali wa mita 200 hivi au kuvuka jengo la ghorofa 20.

Kwa kuwa sisi ni wahandisi, tulichukua kalamu. Ghorofa 20 ni kama mita 60. Kuzifikia kwa mruko mmoja, ukiacha upinzani wa hewa, ni lazima uondoke ardhini kwa kasi ya kilomita 120 hivi kwa saa, na utatua kwa kasi ile ile. Tena ukishaondoka huwezi kugeuza njia: pa kutua umepachagua kabla. Kwa maoni yetu hapa ndipo penye uzuri wa hadithi zile. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, na Superman yule ungeweza kumngoja. Alitua barabarani, katikati ya watu na shida zao.

Tazameni shida alizozishughulikia. Katika toleo la 12, Mei 1939, rafiki yake anauawa na gari, naye anawatangazia vita madereva wazembe. Anavunja magari mabovu, kisha anakwenda hadi kiwandani kwa sababu wenye kiwanda wanatumia vipuri duni ili wazidishe faida. Ni mtembea kwa miguu anayelipiza kisasi cha watembea kwa miguu.

Hata hivyo hatumsifu kwa kila jambo. Katika toleo la 8, Januari 1939, anabomoa mtaa wa maskini ili serikali ilazimike kuwajengea nyumba za kisasa. Nyumba zinapanda, hadithi inakwisha kwa furaha. Sisi tunaoishi St. James Town, ambako nyumba za zamani zilibomolewa na maghorofa 19 yakasimamishwa kuanzia miaka ya 1960, tunajua kwamba hadithi inaanzia pale. Nani atatengeneza lifti mwaka wa 50? Superman ana miguu yake; wenzake amewaachia mashine, akaenda zake.

Mwaka 1941 studio ya Fleischer ilimtengenezea filamu za katuni. Watengenezaji waliona mruko haupendezi kwenye filamu, wakampa uwezo wa kupaa, na baadaye vitabu vikafuata. Wengi huona yalikuwa maendeleo. Sisi tunaona ilikuwa hasara. Anayepaa hahitaji kuchagua pa kutua, na asiyehitaji kutua hana haja ya jirani. Taratibu adui zake wakawa wa sayari nyingine, na mwenye nyumba mbaya na kiwanda cha magari mabovu wakapata nafuu.

Basi mama yetu tumjibu hivi: huyu wa wajukuu yuko mbali sana, mawinguni. Yule wa mwaka 1938 angekuwa pale mlangoni, angeuliza mfuko ni wa ghorofa ya ngapi. Hadithi za mwanzo zimechapwa upya mara nyingi. Wasomeeni watoto, kisha waulizeni ni yupi wangependa akae jengo letu.

Wasalaam, hadi toleo lijalo.