Leva mpya, waya mkuukuu: hesabu ya gia kwenye milima ya Ndanai

Anayebeba maziwa kwa baiskeli kutoka vijiji vya Ndanai, nchini Kenya, anaijua sauti ile. Mteremko umeisha, mlima umeanza, mtungi unavuta nyuma, naye anabofya leva kutafuta gia nyepesi. Cheni inakwaruza, inapanda nusu, inarudi ilikotoka. Anashuka, anasukuma. Jioni kwa fundi hukumu ni fupi: leva imekufa, weka nyingine.

Mara nyingi haijafa. Na kama kweli imekufa, si kila nyingine itafaa.

Baiskeli za milimani zinazoonekana huku aghalabu ni mitumba, zile ambazo wauzaji huziita "ex-UK": spoketi tatu mbele, sita au saba nyuma. Zinapishana barabarani na Black Mamba ya gia moja, ambayo haina cha kuharibika isipokuwa miguu ya mwenyewe. Zile kongwe zaidi zina leva za dole gumba juu ya usukani, zinazokwenda kwa msuguano bila mlio wowote. Mpandaji husukuma huku akiisikiliza cheni mpaka itulie. Mwaka 1984 Shimano ya Japani ilitoa mfumo wa SIS kwenye gia zake za mashindano, Dura-Ace, na kufikia 1987 mfumo huo ulikuwa umefika kwenye Deore XT ya milimani. Tangu hapo kazi ya sikio ilihamia ndani ya leva: bonyeza, sikia "ta", gia imeingia.

Uhamisho huo ulikuwa na gharama, nayo inapimika kwa milimita. Kwenye friwili (fungu la spoketi za nyuma) ya gia 7, kutoka katikati ya spoketi moja hadi katikati ya jirani yake ni milimita 5. Direla (kifaa kinachohamisha cheni) ya Shimano ya enzi hizo huzidisha mvuto wa waya mara 1.7. Kwa hiyo leva ya gia 7 huvuta waya milimita 2.9 kwa kila mlio: 2.9 mara 1.7 ni 4.93, na cheni inatua mahali pake.

Leva ya gia 8 huvuta 2.8. Tofauti ni ndogo mno. Hata milio yote sita ikijumlishwa, kosa ni kama milimita 1. Fundi akianza kurekebisha kutoka spoketi ya katikati, kosa hilo linagawanyika pande mbili, na kigurudumu cha juu cha direla, ambacho Shimano hukiachia nafasi ya kucheza, hulimeza. Ndiyo sababu leva ya gia 8 hukubaliana na friwili ya 7 bila ugomvi, mlio mmoja ukibaki hauna kazi. Ile ya gia 9 huvuta 2.5, na ufikapo mlio wa nne cheni imepungukiwa karibu milimita 3. Leva za SRAM zinazofuata mfumo wa kampuni hiyo yenyewe huvuta karibu milimita 4, na direla ya Shimano ikivutwa hivyo huruka karibu milimita 7, yaani inapita spoketi inayotakiwa. Mnunuzi anayechagua leva kwa rangi au kwa bei, bila kuhesabu spoketi za nyuma wala kusoma jina la direla, ananunua ugomvi.

Lakini kabla ya pesa kutoka mfukoni, ipo dawa ya bei ya chini. Leva za kubofya za Shimano, ziitwazo Rapidfire, zilipakwa grisi kiwandani, na grisi iliyokaa miaka mingi hugeuka gundi. Vijino vya ndani vinanata, havirudi, na leva inabonyea hewa tupu. Waya ukitolewa, leva ikamiminiwa mafuta ya taa, ikabofywa mara kadhaa mpaka uchafu utoke, kisha ikapewa matone ya mafuta mepesi, nyingi hufufuka. Fundi anayeitupa kabla ya kujaribu hivyo anamtia mteja hasara.

Mshukiwa mkubwa zaidi ni kava la waya. Kava la breki limesokotwa kama springi, na likivutwa hufupika kidogo. Breki haijali. Gia inajali sana, maana kufupika huko kunakula mvuto ule ule wa milimita 2.9. Kava la gia lina nyuzi za chuma zilizonyooka kwa urefu wake, na waya wake wa ndani ni wa milimita 1.2, mwembamba kuliko wa breki. Vipande vya breki vikiwekwa kwenye gia kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo dukani, leva mpya itakosea kama ile ya zamani. Kinyume chake ni hatari: kava la gia likiwekwa kwenye breki linaweza kupasuka pale mkono unapobana kwa nguvu kwenye mteremko.

Mvua ya huku humalizia kazi. Kipande kifupi cha kava kinachojipinda kuingia kwenye direla ya nyuma ndicho kinywa cha maji na tope. Hicho kibadilishwe kwanza. Kisha fundi aikague direla akiwa nyuma ya baiskeli: kama sikio inaponing'inia limepinda kwa sababu baiskeli iliwahi kuangukia upande huo, hakuna leva duniani itakayoipanga.

Jambo moja husahauliwa. Leva haipunguzi mlima. Spoketi ndiyo inayopunguza. Spoketi ya meno 28 mbele na 28 nyuma, kwa tairi ya inchi 26, husogeza baiskeli kama mita 2 kwa kila mzunguko wa pedali. Friwili ya gia 7 yenye spoketi kubwa ya meno 34 huishusha hadi mita 1.7, mradi direla iwe na mkono mrefu wa kuifikia. Kwa mwenye mtungi wa maziwa, nafuu hiyo inazidi ya leva yoyote inayong'aa. Na kama hana uhakika wa kupata vipuri vinavyopatana, leva ya msuguano ndiyo ya kuchukua: haiulizi idadi ya spoketi wala jina la direla, na huvumilia waya mkuukuu.

Njia nyingine ni kuiacha leva kabisa. F.K. Day, mmoja wa waanzilishi wa SRAM, kampuni iliyojijengea jina kwa leva za kuzungusha, alianzisha World Bicycle Relief mwaka 2005 pamoja na mkewe, Leah. Shirika hilo ndilo linaloleta baiskeli za Buffalo nchini Kenya. Lilipoamua kuiongezea Buffalo gia ya pili, halikuweka leva. Buffalo S2 ina cheni mbili na friwili mbili, na mpandaji hubadilisha gia kwa kurudisha pedali nyuma kidogo. Haina waya wa gia hata mmoja.